Mende Mweupe

"Piga tena."

Baba Pacha akabonyeza swichi. Injini ikazunguka, nyu nyu nyu nyu, kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya yenyewe haiji. Fundi Mita alikuwa amepiga magoti kwenye tope, ameshika plagi kwa koleo lenye mpini wa plastiki, ncha ya plagi ameigusisha kwenye chuma cha injini. Kiganja cha pili amekikinga juu yake ili kuwe na kivuli. Wote wawili wakainama kuchungulia humo kivulini. Cheche ya buluu, ndogo kuliko punje ya mchele, ndiyo watu wazima wawili waliyokuwa wanaitafuta tangu saa kumi na mbili asubuhi.

"Umeona?"

"Nimeona giza."

"Piga tena."

"Mita, betri itakufa."

"Ikifa tutajua ni betri. Piga, bwana."

Nyu nyu nyu nyu. Giza. Mita akaitupa plagi kwenye kopo la taka, akafungua mpya kutoka kwenye boksi lake, akaivalisha kofia ya waya, akaigusisha pale pale. Giza lile lile, ila safari hii giza la plagi mpya.

Simu ya Baba Pacha ikalia kwenye mfuko wa suruali. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, akaipokea kwa kidevu, na kidevu kikabonyeza spika. Sauti ya mama mmoja mfugaji ikajaa uwanja mzima.

"Wewe, maziwa yako hapa toka alfajiri. Tuyamwage au tuyaoge?"

"Nakuja mama yangu. Nipo njiani."

Kule nyuma kuku wakapiga kelele. Ndoo ikaanguka. Mke wake akaita kutoka jikoni, "Baba Pacha, chai inapoa."



"Njia yako ina kuku wengi," mama yule akasema, akakata.

Mita aliangalia chini ili asicheke, lakini mabega yalimsaliti.

Mende ilikuwa ni pikipiki kuukuu ya magurudumu manne, pana, fupi, imeinama mbele kama inanusa ardhi. Jina hilo ilipewa enzi ikiwa nyeusi. Kila asubuhi ilivuta tela lenye madebe kumi na mawili, ikapanda mlima ambao gari halipandi na pikipiki ya kawaida inateleza, ikarudi na maziwa ya wafugaji hadi kituo cha kukusanyia kabla ya lori la baridi kuondoka saa tatu. Nyumba ile ilikula kutokana na mlima ule. Mapacha wao, wasichana wawili, walikuwa shule ya bweni kutokana na mlima ule. Na sheria ya kituo ilikuwa fupi: ukikosa kuleta maziwa siku mbili mfululizo, njia yako anapewa mwingine. Leo Jumapili ilikuwa siku ya kwanza. Tayari imeshaharibika.

Halafu kulikuwa na la rangi. Kituo kilitoa tangazo kwamba kuanzia Jumatatu, chombo chochote kinachobeba maziwa lazima kiwe cheupe, chote, "kwa ajili ya usafi na mwonekano." Mkaguzi atapita nyumba kwa nyumba, saa moja asubuhi. Jumamosi haitahesabiwa, ni siku ya kupaka. Basi Ijumaa, Baba Pacha alifungua kila kinachofunguka, kiti, tangi, nyaya, makasha, na Mama Pacha akaingia na brashi. Yule mama hakuwahi kupaka chombo maishani mwake na pengine ndiyo maana alipaka hivyo. Mikono miwili ya rangi. Fremu juu, fremu chini, pembe ambazo hata aliyeitengeneza Mende alishazisahau. Matundu ya boliti aliyapaka kwa kijiti alichokizungushia pamba. Boliti zenyewe akazichovya kwenye kopo, moja moja, akazipanga kwenye gazeti zikauke.

"Wasije wakasema kwetu ni wachafu," alisema.

Jumamosi jioni mume wake akafunga kila kitu. Mende ikang'aa. Majirani walisimama kuangalia, mmoja akapiga picha. Kisha Baba Pacha akabonyeza swichi, na tangu hapo ni nyu nyu nyu nyu.

*

Mita hakuwa fundi wa kubahatisha. Jina alilipata kwa kile kipimo cha umeme alichokivaa shingoni kwa kamba, kifuniko cha nyuma kimefungwa na raba kwa sababu skrubu ilipotea. Mafundi wengine walikuwa wakibadilisha vitu mpaka chombo kiwake. Yeye alipima. Na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuwahi kuuvunja: alitandika gunia safi, akaketi, akafungua kifaa kutoka kwenye chombo, akakiweka mapajani kama mtoto wa kunyolewa, ndipo akakipima.

"Kitu hakipimwi kikiwa kwenye kelele za wenzake," alikuwa akisema.

Akaanza na swichi ya kuzimia. Akachomoa waya wake kabisa, kwamba kama swichi ndiyo inazuia, sasa haizuii. Hakuna cheche. Akarudisha. Akafungua koili, ile inayopandisha umeme mdogo uwe mkubwa wa kuruka kwenye plagi. Spana namba kumi, boliti mbili.

"Ala, hata boliti shemeji kazipaka," akasema.

"Shemeji yako akianza hamalizi," Baba Pacha akajibu.

Mita akaiweka koili mapajani. Akachomeka sindano za mita huku na huku, akasoma namba, akatingisha kichwa kwa kuridhika. "Koili nzima kabisa. Haina neno." Akaifunga pale pale ilipokuwa.

Akapima nyaya zinazotoka kwenye sumaku ya injini. Nzima. Akapima kile kijikoili kidogo kinachoamua cheche iruke saa ngapi. Kizima. Kila alichokitoa kilikuwa kizima, na kila aliposema "kizima" Baba Pacha alizidi kuvimba, kwa sababu mtu anayeumwa akiambiwa kila kiungo chake hakina shida, anabaki na maumivu na hana hata pa kuyashika.

"Sasa kama vyote vizima," akasema, "kwa nini chombo kimekufa?"

"Imebaki sidiai." Mita akaonyesha kisanduku cheusi kinachotuma umeme kwenye koili, kidogo kama kiberiti kikubwa, kimezibwa pande zote. "Hii haipimiki. Hii unajaribu kwa kuweka nyingine."

Akaenda kuazima ya mtu. Ikamchukua saa mbili nzima. Baba Pacha alikaa kwenye tairi la mbele akiangalia mlima, na mlima ulikuwa pale pale, haukuwa na haraka. Mama Pacha akamletea sahani, akaipokea bila kumwangalia.

"Labda tuite fundi mwingine," mke akasema taratibu.

"Labda tuite mpakaji rangi mwingine, tupake ya tatu," mume akajibu. "Maana kazi iliyofanikiwa hapa ni rangi peke yake."

Mama Pacha akarudi jikoni. Sufuria zikaanza kuoshwa kwa nguvu isiyohitajika.

Mita akarudi jasho linamtoka, sidiai ya kuazima imeviringishwa kwenye kitambaa. Akaifunga. Akashika plagi, akakinga kiganja.

"Piga."

Nyu nyu nyu nyu.

Giza.

"Mita," Baba Pacha akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ile mbaya, "hiyo uliyoleta, una uhakika gani ni nzima?"

"Imetoka kwenye chombo kinachotembea."

"Mimi sijakiona kikitembea."

"Unasemaje?"

"Nasema toka asubuhi unaniambia kizima, kizima, kizima. Kwa kipimo gani? Hicho kilichofungwa na raba ya nguo ya ndani? Labda kibovu ni hicho shingoni kwako. Au labda si kibovu, labda kuna mtu anauza sidiai anasubiri nimpigie."

Fundi akafungua sidiai ya watu, akaiviringisha kwenye kitambaa chake. Akakusanya spana moja moja, akazifuta, ya nane, ya kumi, ya kumi na mbili. Akakunja gunia. Alipofika getini akageuka.

"Nimekutengenezea huyo Mende kwenye mvua, mlimani, tochi nimeing'ata kwa meno. Leo mimi ni tapeli. Haya. Siingii tena kwenye uwanja huu, na sigusi tena chombo chako. Mungu shahidi."

"Nenda."

"Naenda. Unaniambia niende wakati naenda."

*

Jua lilikuwa limeanza kulala Mama Pacha alipobisha kwa Mita. Mke wa fundi alifungua mlango nusu, akabaki amejaa kwenye ile nusu.

"Shikamoo sikuamkii, maana tuko rika moja," akasema. "Lakini karibu pia sikukaribishi. Yupo anakula."

"Nitasubiri, mwenzangu."

Akasubiri akiwa amesimama. Kiti cha plastiki kilikuwa hatua mbili kutoka alipo, tupu, na hakuna aliyesema kaa. Watu walipita na kumsalimia, naye alijibu kila mmoja kana kwamba ni jambo la kawaida mtu mzima kusimama mlangoni kwa watu akiangalia kiti. Vidole vyake bado vilikuwa vyeupe kwenye kucha. Akavificha kwenye kanga.

Mita akatoka akijifuta mdomo.

"Shemeji."

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

"Wewe hujanikosea kitu."

"Aliyekukosea hawezi kuja. Unamjua. Angekuja angeongeza kosa la pili."

Mita akataka kucheka, akajizuia, kwa sababu mke wake alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia.

"Nimeapa, shemeji. Mguu wangu hauingii pale."

"Umeapa kuingia na kugusa. Kusimama nje ya geti umeapa?"

Fundi akafikiri. "Hapana."

"Kuazima mita umeapa?"

"Mita haishikwi na kila mtu."

"Basi nifundishe. Kesho tukikosa, mlima anapewa mwingine, na mimi watoto wangu watarudi nyumbani na mabegi yao. Sina kingine cha kusema, shemeji. Nifundishe."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Kisha mke wa fundi akatoka, akakisogeza kile kiti cha plastiki kwa mguu.

*

Mkaguzi wa kituo alifika saa moja kasoro dakika tano, kijana aliyenyoosha shati, na ubao wenye fomu mkononi. Alichokikuta kilimfanya asimame. Baba Pacha alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, amewapa wote kisogo. Mkewe amechuchumaa kando ya Mende, mita inaning'inia shingoni kwake. Na nje ya geti, hatua moja tu nje, amesimama fundi na begi la spana, shingo ameinyoosha ndani kama twiga.

"Habari za asubuhi," mkaguzi akasema.

"Nzuri, karibu, kagua," Mama Pacha akajibu bila kugeuka. "Shemeji, nyekundu nachomeka wapi?"

Mkaguzi akaanza kazi. Akazunguka Mende. Akainama, akachungulia chini ya fremu, akapitisha kidole nyuma ya bampa kutafuta weusi. Hakuupata. Akapiga vema. Akatazama chini ya kiti. Nyeupe. Akapiga vema. Akafunua tela, madebe yanang'aa. Vema.

"Hii ni ya kwanza," akasema kwa mshangao wa kweli. "Wengine wamepaka upande wa barabarani tu. Hapa mpaka boliti. Hongereni sana. Mmepita."

Baba Pacha akageuka polepole. "Tumepita?"

"Alama zote."

"Haiwaki."

Mkaguzi akaangalia fomu, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Hakuna sehemu ya kuwaka hapa. Ni rangi, usafi na mfuniko."

"Kwa hiyo chombo changu kimekubaliwa kubeba maziwa, ila hakiwezi kubeba maziwa."

"Kubeba ni idara nyingine. Wao wanaangalia lori likiondoka saa tatu. Usipokuwepo ndiyo wanaandika."

Ilikuwa saa moja na robo. Kupanda mlima na kushuka, ukienda kama mwizi, ni mwendo wa saa moja na nusu.

"Shemeji," Mita akaita kutoka getini, "achana na hao. Sasa koili. Itoe kwanza, uiweke mapajani."

"Niitoe na nini? Spana ya kumi si umeibeba wewe?"

"Njoo uichukue."

Mama Pacha hakuinuka. Alikuwa ameshachoka na wanaume wote watatu kwa kiwango kimoja. Akaitazama ile koili ilivyokaa pale, imebanwa kwenye fremu yake nyeupe.

"Kwa nini niitoe?"

"Ndivyo inavyopimwa."

"Ikifanya kazi huwa imetolewa au imefungwa?"

Mita akaitazama koili kutoka kule getini. 

"Imefungwa," akasema.

"Basi naipima imefungwa. Jana ulisema mita ikilia, njia ipo, umeme unapita. Isipolia, njia hakuna. Nigusishe wapi?"

"Sindano moja kwenye chuma cha koili yenyewe. Nyingine kwenye injini. Lakini hapo lazima ilie, shemeji, koili inashika fremu, fremu inashika injini, umeme unarudi kwa..."

Akanyamaza, maana mita nayo ilikuwa imenyamaza. Mama Pacha akaondoa sindano, akazigusisha zenyewe kwa zenyewe. Piii. Akarudisha kwenye koili na injini. Kimya.

"Sukumiza zaidi."

Akasukumiza. Kimya.

"Shemeji," Mita akasema, na sasa mikono yake ilikuwa imeshika vyuma vya geti, "pale chini ya koili, inapolalia, ulipaka?"

"Nilipaka kila mahali."

"Kwenye matundu?"

"Na kwenye matundu. Kwa pamba."

"Na boliti ulizichovya."

"Nilizichovya."

Fundi akajipiga paji la uso kwa kiganja, pa, sauti ikasikika mpaka barabarani. Umeme ulikuwa unaingia kwenye koili vizuri tu, ila hauna pa kurudia, umezungukwa na rangi pande zote kama mtu aliyepaka sakafu akajibana kwenye kona. Na yeye, mpimaji, kila alipoitoa koili aliitoa pamoja na ushahidi. Mapajani ilikuwa nzima. Ingeendelea kuwa nzima mapajani mpaka mwaka uishe.

Baba Pacha alikuwa ameshasimama. Alimwangalia mkewe, akaangalia boliti. Yeye ndiye aliyezifunga, moja moja, juu ya rangi. Akaliona kosa tangu mwanzo mpaka mwisho, na uso wake ukaonyesha hivyo.

"Mita," akasema.

"Nakusikia."

"Ingia basi."

"Nimeapa."

"Ingia, ndugu yangu. Mimi ni mjinga, sawa? Ingia, saa inakwenda."

Mita akaangalia mguu wake, kana kwamba ruhusa ilikuwa inatoka kule. Akaingia.

Boliti zikatoka. Msasa haukuwepo, Mama Pacha akatoka jikoni na kisu, akapiga magoti, akaanza kukwangua. Rangi yake. Iliruka vipande vipande kwenye tope, mkono wa kwanza na wa pili, mpaka chuma kikaonekana, kijivu, kibaya. 

"Mama, samahani," mkaguzi akasema. "Mama, usikwangue. Nimeshaandika nyeupe yote."

"Andika tena."

"Nimeshaweka sahihi. Mnaniharibia fomu. Hapo ni doa, tena kubwa, na huko pembeni kisu kimeteleza."

"Sogea kidogo, bwana mkaguzi, unanikinga mwanga," Mita akasema. Akakwangua boliti kwa bisibisi, akazifunga. Mama Pacha akagusisha sindano, na mita ikalia piii ndefu, ya kuchosha, na hakuna aliyetaka inyamaze. Plagi ikachomolewa, ikagusishwa kwenye injini, kiganja kikakinga.

"Piga."

Tik, tik, tik, tik. Buluu. Nyembamba, kali, inaruka.

Hakuna aliyeshangilia. Mita akairudisha plagi mahali pake, Baba Pacha akapanda, akabonyeza, na Mende ikaguna mara mbili, ikashika, ikaunguruma kiasi cha kufukuza kuku wote nyuma ya nyumba. Moshi ukafunika shati lililonyooshwa.

Mkaguzi alikuja mbele, ubao umeinuliwa. Alikuwa anasema kitu. Midomo yake ilionyesha "zima," ikaonyesha "tuzungumze," ikaonyesha "rangi." Baba Pacha alimwangalia kwa adabu zote, akagusa sikio kuonyesha hasikii, akatia gia. Mkewe alikuwa ameshakimbilia geti, amelifungua. Alipompita, mume akapunguza mwendo. Alitaka kusema neno. Neno lenyewe lilikuwa limefika mdomoni, mke aliliona, akalisubiri. Halafu mume akaongeza mafuta, tela likagonga nguzo ya geti, madebe yakalia yote kumi na mawili, wakapotea kwenye kona ya kwenda mlimani.

Ilikuwa saa moja na dakika thelathini na tano. Mita alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akaacha.

"Atafika?" Mama Pacha akauliza.

"Akiacha breki nyumbani, atafika."

Mkaguzi alikuwa bado katikati ya uwanja, amesimama kwenye vipande vya rangi. Akakata neno moja kwenye fomu, akaandika lingine juu yake, akalikata na lenyewe.

"Haya," akasema kwa uchovu, "marekebisho lazima yawekewe sahihi. Mwenye chombo yuko wapi?"

Mama Pacha akamnyang'anya kalamu, akaandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa, ikazidi kisanduku.

"Yuko hapa," akasema. "Aliyeondoka ni dereva."